Ukuta wa Mchumba

Soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi si mahali pa kwenda kutafuta mume, na Veneranda hakwenda kutafuta. Alikuwa amekuja Mbeya kwa semina ya madaktari wa meno, semina imekwisha, basi la Iringa bado, na baba yake amemwagiza mchele wa Kyela. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa sawasawa, na juu yake sweta jeupe la vifungo, maana baridi ya Mbeya mwezi wa saba haina heshima kwa mgeni. Aliinama juu ya gunia, akachota mchele kiganjani na kuunusa, huku muuzaji akiapa kwamba umeingia kutoka Kyela jana yake.

"Huo haujawahi hata kuiona Kyela," sauti ilisema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono, buti zina vumbi la saruji, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Kwa mazoea ya kazi yake Veneranda alimwangalia meno kwanza. Yalipangika vizuri, isipokuwa moja la mbele lililomegeka kidogo pembeni, na hilo moja ndilo lililofanya tabasamu lake lipendeze.

"Na wewe umejuaje?"

"Mimi ni mtu wa Kyela."

"Umezaliwa Kyela?"

Kijana akakohoa. "Nimezaliwa Forest, hapa hapa mjini. Babu yangu ndiye wa Kyela."

"Basi angekuja babu yako kunishauri."

Muuzaji ndiye aliyecheka kuliko wote. Kijana naye hakukasirika. Alimpeleka kwa mama mmoja mwenye kibanda cha pembeni, akambebea mzigo mpaka kwenye basi, na njiani akajieleza bila kuulizwa: anaitwa Lutengano, ni mkandarasi, anajenga nyumba na kuta za uzio Mbeya nzima mpaka Mbalizi, na hajaoa. Veneranda alimwambia lile jino linahitaji kuzibwa, na zahanati anayofanyia kazi iko Iringa. Lutengano akasema ni mbali mno kwa jino moja. Veneranda akamjibu kwamba basi akae nalo. Lakini namba za simu walipeana, na mwezi haukuisha kabla Lutengano hajaonekana Iringa, kaketi kwenye kiti cha mgonjwa, kapanua mdomo, hawezi kusema neno. Veneranda alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo siku aliyompenda, kwa sababu ndiyo siku pekee aliyonyamaza.

Hapo simu zikaanza. Kila jioni, Lutengano akiwa ametoka saiti na Veneranda amevua koti jeupe, waliongea mpaka masikio yakapata joto. Alimwita daktari wangu, naye akaitwa mkandarasi wangu. Waligombea mji upi una baridi ya kweli, na viazi vya wapi ni viazi. Ukiwasikia ungedhani hawana la maana la kusema, na ni kweli hawakuwa nalo, na ndiyo raha yenyewe.

Sasa tuseme kidogo kuhusu mtaa wa kina Veneranda, maana bila huo hadithi hii haipo. Gangilonga iko juu ya mji wa Iringa, upande wa lile jiwe kubwa lililoipa jina. Nyumba za zamani zilijengwa na Wazungu wa serikali ya kikoloni: bati jekundu, dohani ya kuotea moto, kiwanja kipana chenye mijakaranda na mipichi. Wao walipoondoka waliingia mabwana shamba wakuu, wakaguzi wa shule na mamatroni wa hospitali, watu waliokunywa chai saa kumi na kujuana mpaka majina ya mbwa. Siku hizi wameingia wenye mabasi, wenye mashamba ya parachichi, na wengine ambao ukiuliza wanafanya kazi gani unaambiwa ni wafanyabiashara tu. Zimeota ghorofa, zimeota loji, zimeota kamera juu ya mageti. Ukitaka kumtambua mwenyeji wa zamani na wa juzi usihangaike na gari, tazama uzio. Wa juzi hujenga ukuta kabla hata ya msingi wa nyumba. Wa zamani bado ana michongoma.

Mzee Clement, baba yake Veneranda, bwana shamba mstaafu na mjane, alikuwa na michongoma. Na upande wa nyuma, michongoma yake ilikuwa na upenyo, uliokatwa na miguu ya watu, unaoingia moja kwa moja kwenye jiko la jirani yake, Mama Juliana. Mama huyu, Juliana likiwa jina lake mwenyewe, alikuwa matroni enzi zake. Mumewe alishafariki, wanawe wa kiume wote wako Dar es Salaam. Mama yake Veneranda alipougua, Mama Juliana alipita kwenye upenyo ule usiku na mchana, na siku za mwisho mgonjwa alimshika binti yake mkono akamwambia, "Ukikwama, pita pale." Tangu hapo Veneranda alipita pale kuomba chumvi, kusukwa nywele, kulia, na hivi karibuni kwenda kusimulia habari za mkandarasi wa Mbeya.

Lutengano alikuja Gangilonga mara kadhaa Jumapili, kavaa koti, kakalishwa sebuleni. Mama Juliana alimwona na akampenda. Lakini jambo hili lishike: nyumbani kukiwa na mgeni wa heshima, Mama Juliana hakupita uani kama mtu wa jikoni. Alifunga kilemba chake kizuri, akazunguka barabarani na kuingia kwa geti la mbele. Kwa hiyo Lutengano hakuwahi kuona mtu akipita kwenye upenyo. Aliuona upenyo wenyewe tu siku moja alipotoka kunyoosha miguu, na macho ya mkandarasi yakaona kitu kimoja: njia ya wezi.

Kwao Forest mambo yalishakwenda mbele zaidi. Huko michongoma ilikwisha zamani, na kazi ya kwanza kabisa ya Lutengano alipopata leseni ilikuwa ukuta wa mama yake mzazi. Aliujenga mrefu, ukapigwa lipu, ukawekwa vigae juu. Watu walisimama kuutazama. Kwa kijana wa Forest, kumzungushia mtu ukuta ni kumwambia unampenda.

Siku ya posa ilipangwa. Mpunga nao ukakomaa Idodi, kwenye shamba la Mzee Clement, na baba na binti wakaondoka alfajiri, haraka haraka, kwenda kusimamia mavuno. Wakati huo Lutengano alikuwa na kazi Gangilonga hapo hapo, anamjengea bosi mmoja uzio. Alikuwa ameahidi kurekebisha mabomba ya maji ya mvua ya mzee, basi safari hii ufunguo wa geti, ambao siku zote huachwa kwa Mama Juliana, akaachiwa yeye. Jioni akapiga simu Idodi. Mtandao ulikuwa unakatika katika.

"Nikikuta pengine pamebomoka nitengeneze?"

"Fanya unavyoona, mpenzi," Veneranda alijibu, huku akipungia mkono vibarua waliokuwa wanapakia magunia. Akakata simu akitabasamu.

Mwanaume akafanya alivyoona. Alileta mafundi wake wote, na kabla mavuno hayajaisha ukuta ukasimama upande mzima wa nyuma, tofali za kuchoma, lipu laini, vigae juu. Siku ya kwanza Mama Juliana alisikia mafundi, akatoka kuwapelekea bakuli la kande, akakuta msingi umepita katikati ya njia yake. Aliwauliza mafundi nani kaagiza. Wakamjibu, bila ubaya, "Wenye nyumba." Akarudi ndani na kande zake. Hakuuliza tena.

Kule Uheheni wazee wana yao. Kuziba njia ya jirani bila kusema naye ni kumwambia hatuzikani. Huhitaji tusi juu ya hilo.

Lutengano aliwasubiri getini siku waliyorudi, kanyoa ndevu, kavaa shati jeupe. Aliwaongoza mpaka nyuma kama mtu anayefungua zawadi. Mzee Clement aliutazama ukuta kwa muda, akavua kofia, akaivaa tena. Alimshukuru kwa kazi, akaingia ndani, na chai ya jioni ile hakuigusa.

"Umefanya nini, Lute?" Veneranda aliuliza.

"Nimewajengea. Kulikuwa na tundu pale, mtu yeyote angeingia."

"Alikuwa anaingia mama yangu."

Hakumwelewa, na Veneranda hakuwa na subira ya kumweleza. Alitoka mbio barabarani, akazunguka kona ndefu ambayo hajaizunguka tangu utotoni, akabisha geti la Mama Juliana. Alipokelewa vizuri mno. Alikalishwa sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa. Chai ililetwa katika vikombe vya kabatini, vile vya wageni. Alipotaka kueleza habari za ukuta, Mama Juliana aliinua kiganja. "Hayo ni ya wakubwa, mwanangu. Baba yako ana mdomo." Veneranda alikunywa chai ile ya wageni mpaka mwisho. Hajawahi kukaribishwa namna ile katika nyumba ile, na alitamani afukuzwe.

Alimrudia baba yake, akamwomba aende kusema kwamba hakuujua ukuta. Mzee Clement alitikisa kichwa. Ukuta uko kwenye kiwanja chake, alisema, kwa hiyo ni wake. Yeye hawezi kumtoa mbele ya watu mgeni aliyejenga kwa nia njema, ili tu ajitetee. Na kuhusu kuubomoa, njia haifunguliwi kwa nyundo, inafunguliwa kwa mdomo, na mdomo wake umekosa pa kuanzia. Kisha akasema lile lililomvunja binti yake nguvu: posa isubiri. Marehemu alimweka Veneranda mikononi mwa Juliana. Mtoto hatolewi nyumbani huku mama yake kanyamaza upande wa pili.

Veneranda alimpigia Lutengano simu akamweleza yote, njia ya Mama Juliana na maneno ya baba yake. Lakini aliyekuwa upande wa pili wa simu alikuwa mtu aliyetoa zawadi akarudishiwa na vumbi lake.

"Posa isubiri kwa sababu ya ukuta," Lutengano alisema taratibu. "Vene, kama wazee hawataki Mnyakyusa, waseme tu."

"Nani kataja kabila? Nimesema ukuta."

"Ukuta unabomolewa. Kilichoko moyoni mwa baba yako ndicho sikijui."

"Na hukuuliza, Lute. Hukuuliza lolote, ulijenga tu."

Veneranda akakata. Lutengano alikusanya vifaa vyake, akampelekea mzee ufunguo, akarudi Mbeya. Simu za jioni zikakoma. Kule zahanati wagonjwa walianza kusema daktari siku hizi anang'oa bila hata mzaha. Na huku Mbeya mafundi waliambizana kwamba bosi anapima ukuta mmoja mara tatu, haandiki kitu, anaondoka.

Aliyemwokoa Lutengano ni mama yake. Mama Esnath hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumapili moja alimpikia mwanawe ndizi kwa nyama, akamwangalia anavyozichezea, akamwambia aseme. Lutengano akasema yote, upenyo, ukuta, chai ambayo mzee hakuinywa. Alisema wale watu hawana shukrani, na alitazamia mama amuunge mkono.

"Mwezi wa nne niliteleza bafuni," Mama Esnath alisema. "Kiuno kilikataa. Nililala chini nikiita. Jirani alikuwa anaosha gari upande wake, redio yake naisikia vizuri kabisa. Niliita mpaka sauti ikakauka, yeye hakunisikia."

Lutengano aliweka kijiko chini. "Ukafanyaje?"

"Nikatambaa. Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye simu, na maumivu yameshapungua, nikaona nisisumbue watu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningeanzia wapi? Ulikuwa unaleta wateja kuja kuuona ukuta huu. Ulikuwa umefurahi." Akamsogezea bakuli. "Umejenga vizuri, mwanangu. Kula."

Hakula. Alitoka nje akausimamia ukuta ule, kazi yake ya kwanza, akaweka kiganja kwenye lipu. Ulikuwa mzuri kweli. Alilia kidogo, na sioni aibu kumsemea, maana hata mimi ningelia.

Kesho yake alikuwa njiani, Makambako, Mafinga na misonobari yake, mpaka Iringa. Hakwenda kwa Veneranda. Alisimama kwenye geti la Mama Juliana, akapiga hodi, na alipofunguliwa akachuchumaa kama wanavyosalimia wakubwa kwao.

"Mama, ukuta ni wangu. Mzee Clement hakuujua. Vene hakuujua. Niliujenga wakiwa shambani, nikidhani nawafurahisha. Sikujua kama ni mlango wako, na sikumuuliza mtu. Nimekuja kuomba radhi."

Mikono ya Mama Juliana, iliyopokea watoto wengi wa Iringa, ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Mimi nilidhani Clement ameagiza," alisema hatimaye, "kisha akakimbilia Idodi asinitazame usoni. Nimelala na neno hilo kifuani siku zote hizi. Kwa nini hakuja kuniambia?"

"Alisema kiwanja ni chake, kwa hiyo ukuta ni wake."

Mama alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa nusu kilio. "Ndiye huyo. Angekubali twende kaburini tumenuniana kuliko kumtaja mgeni wake. Na mimi ningekubali vilevile, sikudanganyi. Wazee wa mtaa huu tuna kiburi kuliko hao wenye mabasi." Akasimama. "Nyundo unayo?"

"Iko kwenye gari."

"Anza upande wangu."

Lutengano alivua koti akapiga. Ukuta ulimsumbua, maana aliujenga mwenyewe na hakuiba saruji. Tundu lilipofikia ukubwa wa dirisha, upande wa pili alionekana Mzee Clement, kofia mkononi, ametoka kutazama ni nani anayetikisa nyumba. Mama Juliana akasogea kwenye vumbi. Wazee wale wawili walitazamana katikati ya tofali.

"Kamwene, Clement."

"Kamwene, Juliana."

Lutengano alishusha nyundo, hathubutu hata kupenga vumbi.

"Mpunga umetoka?" Mama Juliana akauliza.

"Umetoka. Wako nimeuweka jikoni. Ulikosa pa kupita."

Hakuna aliyeomba radhi zaidi ya hapo, na hakuna aliyehitaji. Mzee aliweka kofia yake chini akaanza kupokea matofali.

Veneranda alirudi kutoka kazini jioni akakuta uani hakuna ukuta kamili, baba yake amekunja suruali, Mama Juliana anamwaga chai kwenye vikombe vyake vya bati vya kila siku, na katikati yao mtu mmoja mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alisimama pale pale na mkoba wake begani. Alikuwa ametayarisha maneno makali mengi kwa siku ambayo mtu huyu angerudi, na yote yalimpotea.

"Nilitaka waone ninavyojua kukulinda," Lutengano alisema. "Sikuuliza nakulinda na nani."

"Na sasa?"

"Sasa nitakuwa nauliza kwanza. Naanza na hili. Nimlete baba mdogo, azungumze na wazee wako?"

Veneranda alimfuta vumbi shavuni kwa kidole, polepole, mbele ya wazee, jambo ambalo Gangilonga ya zamani haikulizoea. "Mlete. Ila ukija na hata tofali moja, mkandarasi wangu, nakurudisha Mbeya kwa miguu."

Mzee Clement alijifanya anahesabu matofali. Mama Juliana hakujifanya chochote, alitazama na kufurahi.

Siku ya posa walifika kwa magari mawili kutoka Mbeya, wanaume kwa suti, Mama Esnath kwa kitenge kipya cha njano. Msemaji alikuwa baba mdogo Asukile, mwalimu mstaafu, ambaye alifanya mazoezi ya hotuba yake njia nzima mpaka wenzake wakaijua. Mzee Clement aliwapokea getini, akawasalimia mmoja mmoja, kisha badala ya kuwaingiza sebuleni akawaambia samahani, mama wa binti anakaa huku. Akawatangulia uani. Msafara mzima ukafuata, ukainama mmoja mmoja kwenye uwazi uliobaki na meno yake ya tofali, kwa kuwa Mama Juliana alikataa upigwe lipu. Mama Esnath alipopita aligusa kingo zake, akamwangalia mwanawe, akamuuliza kwa upole kwao anakuja lini na nyundo hiyo.

Mama Juliana alikuwa ameketi kwenye baraza lake, kilemba kirefu, mikono imetulia mapajani. Mzee Clement aliketi pembeni yake, kiti cha pili, siyo cha kwanza. Asukile alisimama, akasalimu, akatoa hotuba yake yote: walikotoka, mtoto wao ni wa aina gani, na kwamba wamesikia katika nyumba hii kuna binti, nao wanaomba, kwa unyenyekevu, wapewe awe wao. Alimaliza, akakaa, akajifuta jasho. Wote wakamtazama Mama Juliana.

Machozi yalikuwa yanamshuka, naye hakuyafuta. Asukile aliingiwa na hofu kwamba amekosea mahali.

"Hujakosea, baba," Mama Juliana alisema. "Mimi nilijaliwa wavulana tu. Nilishakubali kwamba nitakufa bila nyumba yangu kubishiwa hodi ya namna hii. Naomba useme tena yote. Sema polepole, nisikie vizuri."

Asukile akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza upya.